Ergosfia iko nje ya shimo jeusi, si ndani

Ergosfia ni eneo linalozingira shimo jeusi lenye kuzunguka kwenye mhimili wake, nje ya upeo wa matukio (mpaka ambao kitu kikiuvuka kuingia hakirudi tena), ambamo anga lenyewe linaburutwa kwa kasi kiasi kwamba hakuna kinachoweza kusimama palepale. Kubaki umetulia humo kungedai kasi inayoupita mwanga. Kutoka, hata hivyo, kunawezekana. Maana ndiyo hiyo.

Neno linalorukwa kila mara ni "nje". Watu husema nishati "huchotwa ndani ya shimo jeusi", na wakiulizwa itatokaje ikiwa hata mwanga hautoki, hukimbilia mnururisho wa Hawking, yaani joto hafifu ambalo kinadharia shimo jeusi hulitoa. Hayo ni mambo mawili yaliyotiwa chungu kimoja.

Jina lililetwa na wanafizikia Ruffini na Wheeler mwaka 1971, kutokana na neno la Kigiriki ergon, yaani kazi: kazi ya kifizikia, nguvu mara umbali. Waliliita hivyo kwa sababu humo ndimo kazi inamochumwa, jambo ambalo Roger Penrose alikuwa amelionyesha mwaka 1969. Kinachopotosha ni mkia wake, "sfia", uleule wa atmosfia, unaomfanya msomaji afikirie tufe. Si tufe. Kwenye ncha mbili za mhimili ergosfia inaugusa upeo, na kwenye ikweta inatanuka. Shimo lenye tungamo la Jua, likizunguka kwa kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa, lina upeo wa nusu kipenyo cha kilomita 1.5 hivi, huku ukingo wa ergosfia kwenye ikweta ukifika takriban kilomita 3.

Njia ya Penrose ni hii: kitu kinaingia ergosfia na kupasuka vipande viwili. Kimoja kinatumbukia kwenye upeo kikiwa na nishati hasi kwa hesabu ya mtazamaji wa mbali. Kingine kinatoka na nishati kubwa kuliko ile iliyoingia. Ziada hiyo inalipwa na mzunguko wa shimo, nalo linapungua tungamo na kasi. Upeo umevukwa kuelekea ndani tu. Kikomo ni kama asilimia 29 ya nishati ya tungamo lote, tena kwa shimo lenye kasi ya juu kabisa. Mzunguko ukiisha, ergosfia nayo imekwisha.

Tatizo ni kwamba vipande lazima viachane kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga, na mipasuko ya kawaida haifiki huko hata kidogo. Ndiyo maana pendekezo la Blandford na Znajek la 1977, linalotumia nyuga za sumaku zinazosokotwa na mzunguko, ndilo linalotajwa zaidi kueleza mikondo ya mata inayorushwa kwa kasi kutoka karibu na mashimo meusi, kama ule wa galaksi ya M87.

Mnururisho wa Hawking, wa 1974, hauhitaji mzunguko wala ergosfia. Kwa shimo la tungamo la Jua jotoridi lake ni takriban kelvini 0.00000006, ilhali mnururisho uliojaa ulimwenguni una kelvini 2.7, kwa hiyo shimo hilo linapokea zaidi kuliko linavyotoa.

Kwa hiyo "nishati ya mzunguko huchotwa kwenye ergosfia" ni sahihi, na "ndani ya shimo" si sahihi. Na ikiwa shimo unalolizungumzia halizunguki, liache neno lenyewe, maana halina ergosfia.