Mwaka ulioandikwa kwenye lebo si umri wa brandi: habari ya Jerez na mapipa yake

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Wakati bado mgeni kaunta, miaka kama kumi na kitu imepita, hoteli ya ufukweni huku Mombasa, alikuja mzee Mhispania na mkewe wakakaa baa baada ya chakula cha usiku, akauliza mna brandi gani ya kwetu. Mimi nikaishusha chupa ya Jerez kwa mbwembwe, nikaifuta vumbi, nikamwonyesha mwaka uliochapwa kwenye lebo, elfu moja mia nane na kitu, nikamwambia mzee, hii imelala tangu enzi hizo. Alicheka mpaka akapaliwa. Akaniambia kijana, ingekuwa ya mwaka huo, mimi na wewe tusingekuwa na pesa hata ya kuinusa.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikaanza kusoma, baadaye nikajichanga nikaenda Jerez wiki moja kujifunza, na tangu hapo brandi ya Hispania ndiyo kitu ninachokijua kuliko chochote kwenye rafu. Wazee wangu wa Kibokoni wasinisikie.

Kwanza tutoe tongotongo. Brandi ni mvinyo wa zabibu uliopikwa ukawa pombe kali, basi. Jina wamelitoa Waholanzi, brandewijn, mvinyo uliochomwa. Konyaki nayo ni brandi, ila lazima itoke eneo moja Ufaransa, mji wa Cognac na mashamba yanayouzunguka, kama vile karafuu ya Pemba ni karafuu lakini si kila karafuu ni ya Pemba. Na ile Konyagi ya Tanzania, jina ni hilo hilo, kamusi zetu bado zinakwambia konyagi ni brandi, ila iliyomo kwenye chupa inatokana na molasi ya miwa, zabibu haijui. Nimeshaulizwa hili mara nyingi sana ndiyo maana nalimaliza mapema.

Sasa Jerez. Ni kusini kabisa mwa Hispania, Andalusia, na kwa sheria brandi ikitaka kuitwa Brandy de Jerez lazima izeeshwe ndani ya miji mitatu tu, Jerez de la Frontera, El Puerto de Santa María na Sanlúcar de Barrameda. Angalia nilivyosema: izeeshwe. Sikusema zabibu zilimwe hapo. Hili ndilo linalowashangaza wengi, zabibu zenyewe zinatoka mbali, La Mancha katikati ya nchi na Extremadura, aina inayoitwa Airén, mizabibu mifupi inayotambaa karibu na ardhi kama mikunde, inavumilia ukame wa kutisha. Mvinyo wake ukiunywa hivi hivi haukwambii kitu, umepoa, hauna harufu ya maana. Mji wa Tomelloso, huko huko La Mancha, ndio jikoni, umejaa mabomba marefu ya moshi ya viwanda vya zamani. Zabibu ya Jerez yenyewe, Palomino, inakwenda kwenye sheri, ile mvinyo yao iliyoongezwa nguvu. Wapo wachache wanaotumia Palomino kwa brandi, wanaotengeneza Lepanto, nyumba ya González Byass, ni mmoja wao, lakini hao ni wa kuhesabika.

Upishi wenyewe mtu yeyote aliyeona gongo ikipikwa kijijini hahitaji mwalimu. Chungu, moto, bomba, maji baridi ya kupoza mvuke, tone tone inashuka. Mtambo wao wa kienyeji wa shaba wanauita alquitara, neno la Kiarabu hilo, la kutonesha, manake Waislamu walikaa Jerez karne kwa karne hadi 1264 na kazi ya kukeneka waliiacha hapo. Siku hizi kuna na mitambo ya minara inayopika mfululizo. La kuelewa ni hili: ukipika pombe ukaiachia chini ya digrii 70 za ukali, yaani asilimia ya alkoholi, si joto, inabaki na harufu ya mvinyo, ina mafuta mafuta yake, ina tabia. Ukiipandisha mpaka digrii 90 na ushei inatoka safi mno, kama maji yenye hasira, haina habari ya zabibu tena. Ile ya chini ya 70 wanaiita holandas, na sheria inataka angalau nusu ya pombe yote iliyomo iwe ni hiyo. Nusu nyingine inaruhusiwa kuwa ile iliyopandishwa juu, na hapo ndipo chupa ya bei ya chini inapotofautiana na ya maana, watengenezaji wazuri wanatumia holandas tupu.

Kwa nini holandas? Kwa sababu Waholanzi ndio waliokuwa wateja wakubwa, walinunua pombe hiyo mbichi wakaipakia merikebuni. Na hapo kuna hadithi inayosimuliwa kila bodega utakayoingia (bodega ni ghala lao la mapipa): katikati ya karne ya 19 Waholanzi walimwagizia Pedro Domecq, mwenye nyumba ya mvinyo hapo Jerez, mzigo mkubwa wa holandas, halafu mauzo yakavunjika, mzigo ukabaki, akautia kwenye mapipa matupu yaliyokuwa na sheri akausahau. Miaka ikapita wakafungua, lahaula, maji yamegeuka kahawia na harufu ya peponi. Mimi hadithi za bahati nasibu namna hii huwa nazisikiliza kwa sikio moja, kila kinywaji kina ya kwake, lakini Fundador, brandi ya nyumba hiyo ya Domecq, kweli iliingia sokoni 1874 na ndiyo brandi ya kwanza ya Hispania kuuzwa kwa jina la chapa.

Haya, mapipa. Hapa ndipo ningetaka utulie kidogo.

Pipa la Jerez ni la mwaloni wa Marekani, la lita 500 hivi, limepakwa rangi nyeusi, na si jipya. Kabla brandi haijaingia, humo ilikaa sheri miaka, mpaka mbao zikalewa. Kwa Wafaransa mambo ni tofauti, konyaki mbichi huwekwa kwenye mwaloni wa Ufaransa ambao mara nyingi ni mpya mwanzoni, ili ubao wenyewe uitie rangi na ukali, halafu baadaye inahamishiwa pipa kuukuu ipoe. Jerez hawataki ubao uongee, wanataka sheri iliyojificha ndani ya ubao ndiyo iongee. Kwa hiyo pipa lililokuwa na fino, sheri kavu nyeupe, linatoa brandi nyepesi kavu ya rangi ya majani makavu, la oloroso, sheri ya rangi ya kahawia, linatoa harufu ya njugu na ngozi, na la Pedro Ximénez, ile sheri nzito ya zabibu zilizoanikwa juani, linatoa kitu cheusi kinachonukia tende. Pombe ni ile ile, mapipa matatu, vinywaji vitatu. Niliionja hivyo nikiwa nimesimama kwenye ghala lao, fundi akichota kwa kikombe chembamba chenye mpini mrefu, akanidondoshea kiganjani, akaniambia sugua mikono, ngoja spiriti iruke, kisha nusa. Nikanusa tende, maganda ya chungwa, na kitu kama ukumbi wa nyumba ya bibi uliofukizwa udi jana yake. Sikunywa hata tone na tayari nilikuwa nimeelewa.

Halafu mapipa hayakai kila moja kivyake. Yamepangwa safu juu ya safu, safu ya chini kabisa ni solera, kwa sababu iko sakafuni, na suelo kwao ni sakafu. Zilizo juu ni criaderas, yaani vitalu, na Kiswahili kinaukamata mpango huo vizuri kuliko nilivyotarajia, manake ni kweli miche inakulia juu na kuhamishwa kwenda chini. Ukitaka kutia kwenye chupa unachota solera peke yake, tena sehemu tu, si yote. Pengo lile unalijaza kutoka safu iliyo juu yake, hiyo nayo inajazwa na iliyo juu yake, mpaka safu ya mwisho inayopokea pombe mpya. Ni kama kibuyu cha maziwa ya mgando, humalizi yote ukakisuuza, unabakisha, unaongeza mabichi, ya zamani yanayafundisha mapya adabu. Na kila inapohamishwa inapata hewa, hiyo hewa inaiharakisha kukomaa, ongeza na joto la Andalusia ambalo kiangazi linakaribia digrii 40, ndiyo maana brandi changa ya Jerez inaonekana mtu mzima kuliko konyaki ya umri huo huo.

Turudi kwenye mwaka wangu wa aibu. Chukua pipa moja la lita 500, kila ukichota unachota robo, lita 125, na kujaza. Baada ya kuchota mara 10, kati ya kile kilichokuwemo siku ya kwanza zimebaki lita 28. Mara 20, lita moja na nusu. Mara 40, kimebaki kijiko kimoja cha chai ndani ya pipa zima. Kwa hiyo muuzaji akikwambia solera yetu ilianzishwa mwaka fulani hakudanganyi, ila hicho ni kijiko cha chai, na wewe umeuziwa kama sufuria. Ndiyo maana kwenye solera hawazungumzii umri kamili, wanazungumzia wastani.

Madaraja ni matatu. Solera, hapa ni jina la daraja si ile safu ya chini, inatakiwa ipite miezi 6 pipani. Solera Reserva ipite mwaka mmoja. Solera Gran Reserva ipite miaka 3. Ndiyo, 3, najua neno Gran Reserva limekaa kama la babu mwenye fimbo. Nyumba nzuri zinapita hapo mbali sana, Cardenal Mendoza, Gran Duque de Alba, Carlos I, hizo ukizionja unajua hazikuishia miaka 3, lakini ujue sheria imekulinda mpaka wapi na imani yako inaanzia wapi. Konyaki hesabu yake imebana zaidi, inamtazama aliye mdogo kuliko wote kwenye mchanganyiko: ukiona herufi VS kwenye lebo ni miaka 2, VSOP 4, na XO 10 tangu 2018, zamani ilikuwa 6. Wala hakuna wastani hapo.

Je ipi bora? Swali la kila Ijumaa hilo. Konyaki inapikwa mara mbili kwenye chungu cha shaba, zabibu yake Ugni Blanc ni chachu kama ukwaju, na kinachotoka ni kitu cha maua, chembamba, kinachobadilika badilika mdomoni. Armagnac, majirani zao wa Gascony, kwa kawaida wanapika mara moja tu kwenye mtambo wa mnara na wanaishusha chini kidogo, 52 mpaka 60, kwa hiyo ni ya mashambani zaidi, ina plamu na moshi moshi, na hao ndio waliozoea kuuza chupa iliyotokana na mavuno ya mwaka mmoja tu, ule ulioandikwa kwenye lebo. Za Afrika Kusini ambazo wengi wetu ndizo tulizoanzia, KWV, Viceroy, tusizidharau, ile inayoandikwa ya chungu, potstill, lazima ikae miaka 3 kwenye mapipa madogo na zipo zinazowatoa jasho Wafaransa. Jerez yenyewe naifananisha na halua. Nzito, nyeusi, inanata, haina haja ya kukuonyesha ujanja. Huwezi kula sahani nzima ya halua, na ukiwa na kahawa chungu pembeni hutaki kingine. Wahispania wenyewe wanalijua hilo, wanaimimina ndani ya kahawa asubuhi na kuiita carajillo.

Lawama yangu kwao ni sukari. Sheria za Ulaya zinaruhusu brandi itiwe utamu mpaka gramu 35 kwa lita, na karameli ya rangi inaruhusiwa, sasa kuna chupa ukizimimina zina rangi ya mabuyu na ukidhani ni uzee kumbe ni jikoni. Ukisugua kiganjani ikikauka ikaacha ngozi inanata kama umeshika kashata, hiyo imetiwa. Rangi usiiamini kabisa.

Ukienda dukani soma maneno Brandy de Jerez yote matatu, kisha daraja, kisha tafuta asilimia. Brandi lazima ifike 36. Kuna chupa zenye majina makubwa ya zamani zimeshushwa mpaka 30 ili kupunguza ushuru, zimekaa rafu ile ile, sura ile ile, ila ukiangalia vizuri neno brandi halipo tena, zimeandikwa kinywaji cha spiriti. Torres nayo ni nzuri lakini hiyo si Jerez, inatoka Penedès, Catalonia, kaskazini huko.

Glasi usiipashe juu ya mshumaa kama kwenye sinema, Mombasa joto lenyewe linatosha, mimi hata naitia kwenye friji dakika kumi. Na ukimaliza usiioshe. Iache mezani mpaka asubuhi, halafu kabla ya chai inuse ikiwa kavu. Ile mbaya itakuwa inanuka vumbi na sukari iliyoungua. Yule mzee Mhispania alifanya hivyo, aliniomba nimwekee glasi yake kaunta, asubuhi akaja na kandambili kuinusa, akanisogezea, akaenda zake kuogelea.