"Mwache apumzike kwanza, atatembea akipata nguvu": jamani hapana

Hii kauli naisikia karibu kila nyumba ninayoitwa, mimi mtu wa fizio (tiba ya mazoezi), kumwona mtu aliyetoka ICU (wodi ya wagonjwa mahututi). Wengi wa wagonjwa wangu walilazwa Kampala wakarudishwa huku Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa basi, malaria kali, sepsis (maambukizi yanayowasha mwili mzima), ajali ya boda, na kabla sijamaliza kusalimia shangazi ananiambia taratibu, mwanangu mwache huyu apumzike, kateseka sana, nguvu zikirudi atainuka mwenyewe. Anasema kwa upendo, najua. Lakini upendo huu ndio unaomfunga mgonjwa kitandani miezi.

Nguvu hazirudi mtu akiwa amelala. Zinaisha. Msuli usiopewa kazi mwili unauvunja, na kama kuna maambukizi makali yamewasha mwili mzima basi unavunjika haraka kuliko mtu anavyodhani. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa London, walipima paja la wagonjwa wa ICU kwa ultrasound, kufika siku ya 10 msuli ulikuwa umepungua karibu asilimia 18. Siku 10 tu! Na usiseme ni ugonjwa peke yake, maana mwaka 1966 kule Dallas vijana 5 wazima wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki 3 bila kuumwa chochote, wakapimwa, halafu wakapimwa tena miaka 30 baadaye wakiwa watu wazima wa miaka 50, na ikaonekana zile wiki 3 za kitanda ziliwashusha uwezo wa mwili kuliko miaka 30 ya kuzeeka.

Kinachonisumbua zaidi ni hili. Mgonjwa akisimamishwa mara ya kwanza anapata kizunguzungu, miguu inatetemeka, na familia yote inasema umeona? bado hajawa tayari, mrudishe alale. Kumbe kile kizunguzungu mara nyingi kimeletwa na kulala kwenyewe, presha imesahau kazi ya kusukuma damu juu mtu akisimama. Kwa hiyo wanatibu tatizo kwa kuliongeza, na wiki ijayo kizunguzungu ni kikubwa zaidi, makohozi yamejaa kifuani, kidonda cha mgongoni kimeanza.

Marekani walijaribu kuwaanzishia wagonjwa mazoezi wakiwa bado kwenye mashine ya kupumulia, matokeo yakatoka 2009: waliofanyishwa mapema, 59 katika kila 100 walitoka hospitali wakijioga, wakijivalisha na kutembea wenyewe, na wa kundi lililosubiri ni 35.

Sisemi mtu akimbizwe. Utafiti mwingine wa 2022 ulionyesha kwamba kumsukuma mgonjwa wa ICU kupita fizio ya kawaida hakukumsaidia zaidi, kulileta tu matatizo ya mapigo ya moyo na presha. Kidogo kidogo lakini kila siku. Leo akae ukingoni mwa kitanda miguu ikigusa chini, na chakula ale akiwa amekaa, si kulishwa amelala chali (hilo nalipigia kelele kila siku). Kisha kiti cha plastiki, kile kile cha kila nyumba, kikiegemea ukuta, mtu mmoja mbele yake, anainuka anakaa, anainuka anakaa, anapumzika, anarudia jioni. Kwangu zoezi moja likibaki, libaki hilo. Maana ukimuuliza mgonjwa anataka nini hatakwambia habari ya msuli, atakwambia nataka kwenda choo mwenyewe, na choo chetu ni cha shimo, kuchuchumaa na kuinuka kunataka mapaja. Anayeswali anataka arudi kwenye mkeka, rukuu na sijda, nayo ni mapaja hayo hayo. Kwa hiyo tunaanza na kiti kirefu, tunashuka kwa stuli, mpaka chini kabisa.

Simamisha mazoezi kama kifua kinauma, anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, anataka kuzimia au midomo inabadilika rangi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usimkande wala usimtembeze, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda.

Na hapo nifike kwenye kukanda. Kukandwa na mafuta ya shea kunatuliza, ngozi inafurahi, sikatazi, lakini msuli unajengwa na mwenye msuli, kukandwa saa nzima hakufikii kuinuka mara 5 kwenye kiti.

Drip ya nguvu hakuna. Lita moja ya glukosi ya asilimia 5 ni maji na gramu 50 za sukari basi, protini hamna hata chembe. Hela hiyo nunua mayai, maharage, karanga, samaki kama angara au mukene (dagaa), umpe kidogo mara nyingi kwa siku. Kama figo ziliguswa muulize daktari kwanza kiasi gani.

"Amepagawa, anaona watu." Hii inawapata wengi sana ICU, dawa za usingizi, maambukizi, kukosa kulala, ubongo unachanganyikiwa, na ndoto mbaya zinaweza kumfuata mpaka nyumbani. Mwambie leo ni siku gani, yuko wapi, mpe miwani yake, mchana awe kwenye mwanga, usiku alale. Isipoisha mrudishe kwa daktari, usianze na mganga.

Halafu kuna "ameruhusiwa, basi amepona". Toronto waliwafuata watu 109 waliopona ugonjwa mkali wa mapafu, mwaka mmoja baada ya ICU umbali waliotembea kwa dakika 6 ulikuwa theluthi mbili tu ya uliotarajiwa, na hata miaka 5 wengi walikuwa hawajarudi kama zamani. Kwa hiyo baba akiwa mwezi wa tatu bado anapumzika njiani kwenda sokoni, msimuite mvivu. Mrudisheni fizio, na mje na yule anayeshinda naye nyumbani, si yule mwenye gari, kwa sababu yule wa nyumbani ndiye nitakayemfundisha kumshika akiinuka.