Liverpool, manowari ya Seyyid Said: dhana potofu na ukweli

"Seyyid Said alitawala bahari kwa majahazi tu."
Majahazi alikuwa nayo mengi mtawala huyu wa Unguja na Maskati ya Omani, kweli. Lakini Januari 1828, alipokwenda Mombasa kuwakabili Wamazrui, ukoo uliotawala mji huo, alikuwa na Liverpool: manowari ya matanga yenye mizinga 74. Uingereza yenyewe ilitegemea manowari za daraja hilo katika vita vyake vikubwa vya baharini.

"Kwa jina lile, bila shaka ilijengwa Liverpool."
Hapana, na kosa hili linaniuma kwa sababu linawapokonya mafundi haki yao. Ilijengwa Bombay (leo Mumbai), India, ikashushwa majini mwaka 1826. Waliosimamia ujenzi bandarini hapo walikuwa ukoo wa Wadia, Waparsi (Wahindi wenye asili ya Uajemi) waliorithishana ufundi baba kwa mwana tangu karne ya 18. Mbao zao zilikuwa za msaji. Waingereza kwao walizoea mwaloni, mti wenye asidi inayokula misumari ya chuma. Msaji una mafuta ndani yake: hauozi upesi, mchwa hawaupendi, na chuma kilichopigiliwa humo hudumu. Anayetaka ushahidi akaitazame Trincomalee, manowari ya msaji iliyoshushwa majini Bombay mwaka 1817. Hadi leo inaelea Hartlepool, Uingereza.

"Waingereza walimnyang'anya."
Aliitoa mwenyewe. Mwaka 1836 alimzawadia Mfalme William IV wa Uingereza, na Waingereza wakaibadilisha jina ikawa Imaum, yaani Imamu, kwa heshima ya mtoaji, waliyemwita Imamu wa Maskati. Mfalme akarudisha fadhila kwa kumpa meli ya kifahari, Prince Regent. Mimi naona ulikuwa ukarimu wenye hesabu. Katika jeshi la majini la Uingereza, manowari ya mizinga 74 ilihitaji watu zaidi ya 500. Kuwalisha na kuwalipa watu wote hao wakati hakuna vita ni mzigo mkubwa, ilhali urafiki wa London ulimfaa mtawala mwenye Maskati huku na Unguja kule.

"Ndiyo iliyokwenda New York."
Hiyo ni Sultana, ndogo kuliko Liverpool, iliyofika huko mwaka 1840 ikiwa na mjumbe wa Seyyid Said, Ahmad bin Naaman. Wakati huo Liverpool ilikwisha kuwa mali ya Uingereza.

"Ilizama vitani."
Haikuzama. Ilipelekwa Port Royal, Jamaika, ikatia nanga kama kituo cha kupokelea mabaharia. Miaka ya 1860 ikavunjwa.