Je, wajua kwa nini XML, ile lugha ya kuandika data kwa tegi, inagoma kwa kosa la herufi moja tu?

Chuoni wengi tunaanza na HTML, lugha ya kurasa za wavuti, unasahau kufunga tegi (zile alama kama <p> na </p>), herufi kubwa huku ndogo kule, na brauza inakuonyesha ukurasa wako freshi tu kama hakuna kilichotokea. Halafu mnaingia XML, unafungua <Jina> unafunga </jina>, basi, faili lote limekataliwa! Hapo ndo watu wanaanza kuichukia, na wengi hata hawajaelezwa sababu.

Iko hivi, ule ukali uliwekwa makusudi. XML 1.0 ilipopitishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, tarehe 10 Februari 1998, sheria ilisema programu inayosoma ikikuta kosa kama hilo itoe taarifa na isiendelee kama kawaida, yaani marufuku kubahatisha. Yaliyotokea kwenye HTML yalikuwa yameshaonekana, kila brauza inakisia kivyake mwandishi alitaka nini, ukurasa mmoja huku unatokea hivi kule vile. Kwa ukurasa wa kusoma sawa, mtu ana macho atajiongeza. Ila XML inabeba data, mara nyingi inatoka mashine hii kwenda ile na hakuna mtu anayeangalia, sasa kama <kiasi> cha malipo hakijafungwa vizuri halafu programu ikakisia, si balaa hiyo?

Ndo maana mi naona kukimbilia DTD na skima (kanuni zinazosema faili liwe na nini ndani) wiki ya kwanza kunawachanganya wanafunzi bure. Maswali ni mawili. La kwanza, faili limeandikwa sawasawa? Tegi iliyofunguliwa mwisho ifungwe kwanza, mzizi, yaani tegi ya nje inayobeba zote, uwe mmoja tu, thamani ya atributi (taarifa ya ziada ndani ya tegi) ikae ndani ya alama za kunukuu, na ile & kwenye maandishi iandikwe &amp; (hii ya mwisho inawaliza wengi kweli). Hapo skima haihitajiki kabisa. La pili, vilivyomo ndo tulivyokubaliana? Mfano kila <mwanafunzi> lazima awe na <namba>. Hilo ndo la DTD na skima, na faili linaweza kupita la kwanza likafeli la pili, ila likifeli la kwanza huko kwa pili halifiki.

Ukitaka kuiona XML kwa macho yako, chukua kopi ya faili lako la Word lenye .docx, badilisha mwisho wa jina iwe .zip, lifungue, ingia folda ya word utafute document.xml. Maneno yako ya ndani ya ukurasa yamo humo, yamezungukwa na tegi. Mi darasani ningeanzia hapo.