Leseni ya droo: mwindaji wa nje ya jimbo huipataje?

Nchini Marekani mnyamapori si mali ya mwenye shamba analolishia. Jimbo humshika kwa dhamana ya wananchi wake, nalo hupanga nani awinde, wapi na wangapi. Ndiyo maana mtu wa Ohio anayemtaka elki, yule kulungu mkubwa wa milima ya Wyoming, hawezi tu kulipa na kuchukua leseni ya eneo alipendalo. Huomba, kisha husubiri droo.

Hiyo ndiyo leseni yenye idadi maalumu. Wataalamu hukadiria wanyama wangapi wavunwe katika eneo bila kundi kudhoofika, na leseni hutolewa kwa hesabu hiyo. Fungu la wageni ni dogo: Wyoming huwapa asilimia 16 ya leseni za elki. New Mexico huwawekea wenyeji asilimia 84, wageni wenye mkataba na waongozaji wa uwindaji 10, na wageni wanaojitegemea 6.

Wengi hukwama kwenye alama, yaani pointi zinazompa mwombaji kipaumbele katika droo. Huko Wyoming mgeni anaweza kununua alama moja ya elki kila mwaka. Robo tatu ya fungu la wageni huenda kwa wenye alama nyingi. Robo inayobaki ni bahati tupu. Ukipata leseni kwa chaguo lako la kwanza, alama zote hufutika. Ukikaa miaka miwili mfululizo bila kuomba wala kununua alama, hupotea pia. Na kwa kuwa wanaojiunga na foleni huwazidi wanaopata, eneo lililohitaji alama chache jana hudai nyingi leo. New Mexico haina alama kabisa, kila mwaka waombaji huanza upya. Kwa maoni yangu, hiyo ni haki zaidi kwa kijana anayeanza sasa.

Wageni walishawahi kushtaki. Montana ilikuwa ikiwatoza dola 225 kwa kibali ambacho mwenyeji alikipata kwa 30. Mwaka 1978, katika kesi iliyopewa jina la Baldwin, mmoja wa walioshtaki, Mahakama ya Juu ya Marekani iliipa Montana ushindi: kuwinda elki ni burudani, si riziki ambayo jimbo linalazimika kuwagawia wote sawa.

Hata leseni ikitoka, Wyoming haimruhusu mgeni kuwinda wanyama wakubwa katika nyika zinazolindwa kwa sheria ya shirikisho bila mwongozaji mwenye leseni, au mwenyeji aliyepewa kibali cha kumsindikiza.