Mtoto kugeukia mlio wa sufuria si kipimo cha usikivu

Wazazi wengi hapa Tabora humpima mtoto kwa kugonga sufuria nyuma yake. Akigeuka, wanaridhika. Akifika darasa la kwanza hajui kusema vizuri, anaitwa mkaidi, na miaka muhimu ya kujifunza lugha imeshapita. Inauma, kwa sababu angeweza kusaidiwa mapema.

Sufuria ina mlio mkubwa. Maongezi ya kawaida, mita 1 kutoka kwa msemaji, ni kama desibeli 60, na sauti za s, f na t huwa hafifu zaidi ya hapo. Mwenye usikivu hafifu anaweza kupata irabu tu: paka, taka na saka kwake yote ni "a-a". Anasikia kwamba umesema, ila hajui umesema nini. Kiziwi hapati maneno hata ukipaza sauti.

Mpime hivi. Zima redio, simama nyuma yake kama mita 1, kivuli chako kisimfikie. Usipige makofi wala kukanyaga kwa kishindo, maana atageuka kwa kuhisi upepo au mtikisiko. Mwite kwa sauti ya kawaida, kisha ya chini. Mtoto wa miezi 6 hutafuta sauti inakotoka. Wa mwaka 1 huitika jina lake. Asipogeuka, mpeleke kituo cha afya, uombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Usaha wa sikio nao usiuzoee. Sokota kitambaa safi kinachonyonya maji kiwe utambi, uweke sikioni, utoe ukilowa, weka mwingine mpaka sikio likauke. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Usitie mafuta wala maji ya majani. Usaha ukifikisha siku 14, ngoma ya sikio huenda imetoboka, na mtoto anahitaji dawa ya matone kutoka kituo cha afya. Nyuma ya sikio pakivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Homa ya uti wa mgongo huweza kuharibu sikio la ndani, na vinyweleo vya humo vinavyopokea sauti vikifa havioti tena. Shimesikio, yaani kifaa cha sikioni cha kukuza sauti, huwafaa wengi wenye usikivu hafifu. Aliye kiziwi aanze Lugha ya Alama ya Tanzania mara moja, nyumba nzima ijifunze pamoja naye, bila kungoja umri wa kwenda Shule ya Viziwi Tabora, iliyoanza mwaka 1963. Anayesoma midomo, mtazame usoni mwanga ukiangukia uso wako, wala usipige kelele: kelele hupotosha umbo la midomo.