Kuchemsha maji ya bahari hakuondoi chumvi

Wengi huamini kwamba maji ya bahari yakichemshwa vizuri hufaa kunywewa, hivyo nchi ya jangwani yenye pwani haiwezi kukosa maji. Imani hii inaeleweka, maana kuchemsha huua vijidudu. Lakini chumvi si kijidudu. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na motoni yanayoondoka, kama mvuke, ni maji. Chumvi hubaki sufuriani, na ukali wake huzidi.

Jaribu mwenyewe. Koroga vijiko viwili vikubwa vya chumvi katika lita ya maji, yachemke taratibu yasirukie mfuniko. Lile tone linaloning'inia chini ya mfuniko, likipoa, lionje: halina chumvi.

Mvuke huo ndio uliotegemewa miaka mingi na mitambo ya kuondoa chumvi ya nchi za Ghuba. Mingi ya siku hizi husukuma maji kwa shinikizo kubwa kupitia utando unaozuia chumvi. Hapo huliwa umeme, kama yuniti 3 hadi 4 kwa lita 1,000, na hubaki maji yenye chumvi kali ambayo yakimwagwa ovyo huumiza viumbe wa baharini. Miji ya jangwani imeokolewa kweli na teknolojia hii. Mashamba ya nafaka, yanayokunywa mno, ndiyo hayaimudu kirahisi.